Gauni la Njano na Dawa ya Sikio

Mimi ni fundi cherehani, na ubishi ninao. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipohamia kwetu na begi moja, nilimpokea kwa tabasamu la nusu. Alimletea binti yangu wa miaka minne gauni la njano. Lilinikera. Lilikuwa linang'aa mno, na lilinuka rangi.

"Umelinunua wapi, wifi?"

"Sokoni. Kwani lina nini?"

"Nauliza tu."

Uongo mtupu! Nilikuwa namchunguza.

Wiki hiyo mtoto aliumwa sikio. Zahanati walimpa dawa ya maji ya kuua bakteria, anywe siku saba. Siku sita zikapita salama, sikio likapoa. Siku ya saba asubuhi namvua nguo nimwogeshe, naona vipele vyekundu kifuani, mgongoni, hadi mapajani. Alikuwa anajikuna.

"Jana alivaa gauni lako!" nikamfokea wifi.

"Nililifua kwanza."

"Kwa sabuni gani?"

"Sabuni yenu ya siku zote."

"Ehe! Na hivi vipele vimetoka wapi, mbinguni?"

Nikachukua mkasi wangu wa kazi, nikalikata gauni vipande vipande mbele yake. Kisha nikampa mtoto kijiko chake cha dawa cha asubuhi. Wifi alifungasha vitu vyake, akaliweka begi karibu na mlango.

Nikambeba mtoto hadi zahanati, mkononi nina kipande cha gauni, ushahidi wangu. Wifi alitufuata, nami nikajiuliza anafuata nini.

Muuguzi hakukijali kitambaa. Alimkagua mtoto ngozi, macho na mdomo, akasikiliza anavyopumua.

"Anakunywa dawa gani?"

"Ya sikio. Lakini siku sita zote hakupata kitu! Dawa ikimkataa mtu, si humkataa siku ile ile?"

"Si lazima, mama. Hali hii huitwa mzio, wengine husema aleji. Kuna unaokuja haraka, hata ndani ya saa moja. Kuna unaochelewa. Unaweza kutokea siku ya saba, au hata baada ya dawa kwisha. Leo umempa?"

"Nimempa."

Wifi alinitazama. Aibu niliyoona siku ile, acha tu.

"Usimpe tena," akasema muuguzi. "Chupa usitupe, ilete tuandike jina la dawa. Bado hatuna hakika, maana hata virusi huleta vipele. Daktari atamchunguza. Mpaka aseme, dawa hii asipewe. Na akivimba uso au midomo, akihema kwa shida, akipata homa, malengelenge, vidonda mdomoni au machoni, au ngozi ikichubuka, kimbia hospitali hapo hapo."

Vipele viliisha baada ya siku chache. Baadaye daktari alimchunguza, akathibitisha: ilikuwa ile dawa.

"Wifi, nimekukosea," nikamwambia. "Nisamehe."

"Na gauni?"

"Nitamshonea jingine."

"La njano," akasema. "Na ling'ae hivyo hivyo."

Nilishona. Nikashona pia mfuko wa kadi ya kliniki ya mtoto, nikatarizi juu yake kwa uzi mwekundu jina la dawa na neno "Asipewe". Lakini begi la wifi lilibaki pale pale mlangoni, nami nilishindwa kuuliza.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa na wateja, mtoto ana kidonda mguuni kimetunga usaha. Wifi akampeleka zahanati nyingine, ya karibu. Walirudi na chupa ya dawa. Niliinyakua, nikasoma jina. Haikuwa ile.

"Walikuwa wameshaandika ile ile," wifi akasema, bado anahema. "Nikawaambia ngojeni, someni mfuko huu kwanza."

Nilimkumbatia mwanangu, nikalia mbele ya wateja. Halafu nikalichukua lile begi la mlangoni, nikaanza kutoa nguo za wifi moja moja na kuzipanga kabatini.