Aliyenitangulia kwa Bibi Cherehani

Alhamisi ile, saa kumi na mbili kasorobo jioni, nilitoka nyumbani kwenda kugombana na mama mzee asiyeona. Mkononi nilibeba kisanduku cha Meza ya Bwana: vikombe vinne vidogo, chupa ya divai, mkate uliofungwa kwenye kitambaa cheupe. Kwapani nilibana Biblia yangu. Najua mambo hayo mawili hayapatani. Ndivyo nilivyokuwa.

Mimi sikusoma chuo cha uchungaji. Nilikuwa fundi wa kuchomelea mageti, nikajifunza Biblia mwenyewe karakanani, kurasa zikiwa na alama za vidole vyeusi hadi leo. Washarika wakaniona nafaa, wakaniwekea mikono. Hasira ninazo, sikatai. Lakini nilikuwa nikijisifu kwa kitu kimoja: nikikwambia geti litakuwa tayari Jumamosi, njoo na mkokoteni Jumamosi. Uongo nimeuandika kwenye karatasi moja tu tangu nianze kazi hii, na karatasi yenyewe ndiyo chanzo cha kisa hiki.

Kila mwezi mchungaji hujaza fomu ya utumishi, anaipeleka kwa baraza la wazee wa kanisa. Wagonjwa uliowatembelea, unaweka alama ya vema. Mazishi, ubatizo, alama ya vema. Chini kabisa kuna mstari wa mwisho: sala ya jioni na familia ya mchungaji, mara ngapi.

Bibi Cherehani alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wagonjwa. Alishona majoho ya kwaya miaka mingi, mpaka macho yakafunga ukungu na miguu ikagoma. Kila Alhamisi nilitakiwa kumpelekea Meza ya Bwana nyumbani kwake. Siku moja, nilipomaliza kuomba, akaniambia mbele ya mkwewe kwamba ninaomba kama mtu anayefokea mbwa. Mkwewe akacheka. Nikafunga kisanduku, nikaondoka, nikaapa moyoni sirudi mpaka aniombe radhi.

Zikapita Alhamisi nne. Siku ya kujaza fomu ikafika. Nikaweka alama za vema nne mbele ya jina lake. Kwenye mstari wa mwisho nikaandika: kila siku. Mwezi ule nilikuwa nikichomelea geti jipya la kanisa, narudi nyumbani watoto wameshalala.

Nikajiambia, karatasi tu hii.

Sasa mchana wa Alhamisi hiyo mkwewe akanipigia simu. Anafanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, nilisikia mvuke ukipumua nyuma yake. Akanishukuru kwa kutomsahau mama. Akasema mama siku hizi haongei na mtu ila mimi, na kwamba upole wangu umemshangaza.

Upole wangu!

Nikajua nasutwa. Damu ikanichemka. Jioni nilipochukua kisanduku, mke wangu akaniuliza kama nitawahi sala, kama jana. Jana nilirudi saa nne. Nikaona naye anachonga maneno, nikafunga mlango kwa nguvu.

Bibi anakaa ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho kwenye ujia mrefu wenye balbu moja. Kiatu changu cha kushoto kinalia. Soli nilibandika mwenyewe, na gundi haikushika sawa, kwa hiyo kila hatua... kwii. Usharika mzima unanijua kwa mlio huo. Nikapanda ngazi, kwii, kwii, nikapiga hodi, nikaingia.

Alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza mlangoni. Amevaa nguo ya Jumapili. Chumbani mlinuka utambi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mshumaa.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Leo umenipa shikamoo," akasema. "Siku hizi hunipi. Na mbona unahema? Huwa huhemi."

Nikamwambia wazi wazi, bila kuzunguka. Kwamba mkwewe amenipigia kunidhihaki. Kwamba kama wana neno waniambie usoni. Kwamba sijakanyaga chumba hiki wiki ya tano sasa.

Akatega sikio kuelekea miguu yangu.

Kisha akashusha sauti.

"Usinitanie, mchungaji."

"Sikutanii, bibi."

"Kiatu chako nakijua. Kimelia hapa Alhamisi zote nne."

Mkono wake ukaingia chini ya mto, ukatoka na leso iliyofungwa fundo. Akaniambia kwamba mkate niliokuwa nikimpa haukuwa na ladha. Alikuwa akiuweka shavuni, akijifanya amemeza, nikitoka anautema. Hakutaka kuniumbua. Alidhani ni ufukara wa kanisa.

Nikafungua fundo. Ndani mlikuwa na vidonge vinne vyenye unyevu. Nikakikunjua kimoja kwa kucha.

Karatasi.

Karatasi ya fomu, ile ya rangi ya maziwa. Katikati yake wino wa bluu, alama ya vema. Mkia wake umepinda juu kama ninavyoupinda mimi. Nikafungua cha pili. Cha tatu. Cha nne. Zote mkono wangu, na fomu niliijaza wiki hii tu.

Nikamwuliza kama huyo mtu alisema lolote wiki iliyopita. Akasema ndiyo. Mtu huyo alijua kwamba bibi hamezi. Alimwambia Alhamisi hii ndiyo ya mwisho, ameze kweli, kisha wataondoka wote wawili. Akamwagiza avae vizuri.

"Nilidhani ni wewe unaniandaa kwa kifo," akasema bibi. "Nikasema sawa. Mchungaji wangu akisema niende, nitaenda."

"Anakuja saa ngapi?"

"Kabla mkwe wangu hajarudi. Saa kumi na mbili na nusu."

Nikatazama saa. Zilibaki dakika mbili. Nikaenda mlangoni, nikasukuma komeo. Komeo lenyewe nilimchomelea mimi zamani, chuma cha kweli, si bati.

Chini, kwenye ngazi, kitu kikalia.

Kwii...

Nikatazama kiatu changu. Nilikuwa nimesimama.

Kwii... kwii... Ghorofa ya pili. Haikuwa na haraka. Kwii... Ujia. Harufu ya utambi ikaingia kwa chini ya mlango kabla ya miguu yenyewe. Kisha kimya. Kisha vidole, vitatu, kama ninavyogonga mimi.

"Hodi, bibi."

Sauti yangu.

Lakini yangu iliyopigwa msasa. Haina mkwaruzo, haina hasira. Sauti ninayoitafuta kila Jumapili na siipati.

Bibi akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akaninong'oneza, "Yupi kati yenu ni wewe?"

Nikaanza kuomba. Nikaomba kwa nguvu zote, nikakemea kwa jina la Yesu, jasho likinitiririka. Na yule wa nje akaomba pamoja nami. Maneno yale yale. Akanipita. Nilipokwama kutafuta neno yeye alikuwa nalo tayari, akalisema vizuri, akanisubiri nimfikie.

Komeo likaanza kusogea. Polepole, chuma juu ya chuma. Nikalishika kwa mikono miwili, likaniburuta.

"Imeandikwa mchungaji amekuja," akasema kwa upole. "Nimekuja. Wewe unafanya nini humo?"

Hapo ndipo nikaelewa. Sikuelewa yeye ni nani, hilo sijalielewa mpaka leo. Nilielewa anasimama juu ya nini. Nakala ya fomu ilikuwa ndani ya Biblia yangu. Nikaliachia komeo, nikaitoa, nikatoa na kalamu. Nilikandamiza hadi nikatoboa karatasi.

"Sikuja," nikasema kwa sauti. "Bibi, nisikie. Alhamisi zote nne sikuja. Ulinichoma kwa neno lako, nikanuna kama mtoto, nikakuacha peke yako humu, halafu nikaandika uongo. Nazifuta."

Nikakata ya kwanza. Ya pili. Komeo likapunguza mwendo. Ya tatu. Ya nne.

Likasimama. Lilibakiza upana wa ukucha.

Nilisikia pumzi ya bibi, na yangu. Ya nje sikuisikia.

"Basi," akasema, bila uchungu wowote, kama fundi anayekusanya vifaa vyake. "Hapa nimemaliza."

Kwii... kwii... kwii... akashuka.

Nikamegea bibi mkate, mkate wa kweli, nikammiminia divai. Akatafuna muda mrefu, akameza, machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona. Akasema huu una chumvi. Nikamwomba radhi. Akanijibu kwamba bado ninaomba kama mtu anayefokea mbwa, lakini niendelee hivyo hivyo, nisije nikajaribu upole tena.

Mlango ukagongwa, nikaruka. Alikuwa mkwewe, bado ananuka pasi. Akaniona, mfuko ukamponyoka.

"Mchungaji," akasema. "Nimepishana nawe ngazini sasa hivi. Umeniambia unawahi sala nyumbani kwako."

Hapa nimemaliza. Alisema *hapa*.

Mstari wa mwisho wa fomu. Kila siku.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka kwamba nilivua kile kiatu, nikakimbia nacho mkononi, watu wakinitazama kama mwizi. Taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka. Kisanduku nilikisahau kwa bibi.

Nyumbani dirisha la sebuleni lilikuwa wazi kidogo, pazia limefungwa. Nikasimama chini yake. Nikajisikia naomba. Nilikuwa ndani, nikimshukuru Mungu kwa mke wangu, nikiwataja watoto mmoja mmoja, hata yule mdogo na jino lake linalocheza. Sikujua kwamba jino lake linacheza.

Nikajaribu mlango. Umefungwa kwa ndani. Nikagonga, vidole vitatu.

"Nani?" Mke wangu.

"Mimi. Fungua."

Nikasikia nyayo zake zikija, zikasimama upande wa pili wa mbao. Kisha akageuka, akasema chini chini kuelekea ndani, "Baba watoto, kuna mtu mlangoni ana sauti yako."

Na mimi nikajibu kutoka sebuleni, kwa upole.

"Usifungue."

Nikapiga magoti palepale kizingitini, kiatu mkononi. Karatasi sikuweza kuiona kwa giza, nikaipapasa kwa kalamu, nikachora mstari chini kabisa, na mwingine, na mwingine.

"Mke wangu," nikasema kwenye tundu la ufunguo. "Mwezi mzima sijaomba nanyi hata siku moja. Nilikuwa karakanani. Niliandika kila siku, na ni uongo. Leo nimekufungia mlango kwa nguvu usoni. Huyo aliyekaa hapo amewahi kukufungia mlango kwa nguvu?"

"Hajawahi," akasema mke wangu, taratibu.

Ufunguo ukazunguka.

Sebuleni watoto watatu walikuwa wamefumba macho, mikono imeshikana mezani. Kiti changu kilikuwa wazi. Biblia ya nyumbani imefunguliwa mbele yake. Nikagusa kiti. Kilikuwa na vuguvugu, na harufu ya utambi ilikuwa imejaa chumba kizima. Dirisha lilikuwa wazi kwa pengo lile lile la mwanzo, lisilotosha hata paka.

Nikawaambia wafumbue. Hawakutaka. Mkubwa akasema baba amewaagiza wasifumbue mpaka aseme Amina.

Baadaye mke wangu alinisimulia. Kila jioni saa moja nilikuwa nikiingia, ninaomba nao, kisha natoka kurudi karakanani. Saa nne narudi tena, nimenuna. Alidhani kazi ya geti inanichosha.

Jumapili nilisimama mbele ya baraza, nikasema yote, na ya komeo. Nilitegemea wanicheke au wanifukuze. Katibu, mwalimu mstaafu asiyecheka ovyo, alifungua kabati, akatoa faili la mchungaji aliyenitangulia, yule aliyeacha kazi ghafla akahama bila kuaga. Alama za vema zimepangwa safi, mwezi baada ya mwezi. Kwenye fomu ya mwisho, chini, kulikuwa na maneno kwa mkono unaotetemeka: *Sikwenda. Anayekwenda badala yangu, namwomba aache.* Zile alama hakuna aliyezikata.

Wakanisimamisha miezi miwili nisiguse Meza ya Bwana, na nikaona wametenda haki. Sasa nimerudi. Fomu yangu ina mapengo mengi ya aibu, na kila pengo ni la kweli. Bibi Cherehani yu hai, ananikosoa kila Alhamisi. Kiatu nimekitupa. Na saa moja jioni, geti liwe limeisha au halijaisha, niko kwenye kiti changu.

Ila kuna jambo la wiki iliyopita. Nilikuwa nimemaliza kuomba, nikasema Amina, wakaitikia wote isipokuwa yule mdogo. Alikuwa bado amefumba macho. Jino limeshang'oka. Nikamwuliza anangoja nini.

"Namngoja baba mpole," akasema. "Yeye hajasema Amina yake. Aliniambia anakuja kumalizia."