Ghala Bandia Lisilojengwa

Kila siku adhuhuri, mashine iitwayo Mjaribu ilijenga ghala bandia la mafaili, ikalijaza majina ya uongo, ikayaharibu kwa makusudi, kisha ikatazama kama mfumo ungeyaokoa. Ikimaliza, ilifuta kila kitu. Ghala la kweli, lililokaa kwenye mitambo ileile, lilitunza mapigo ya watu wa Mbeya waliowekewa mioyo ya kutengenezwa. Mtu akipanda mlima au akishtuka, moyo wake uliuliza ghala upige vipi, na jibu lilirudi papo hapo; bila jibu, ulibaki na mapigo ya mtu aliyetulia tu.

Siku hiyo mhandisi Sekela alikuwa zamu pamoja na mkuu wake, Mzee Nsajigwa. Kwenye kioo cha kompyuta aliona mstari mwekundu: nafasi imejaa, ghala bandia halikujengwa. Akangoja Mjaribu isimame. Haikusimama. Majina yakaanza kupita, na hayakuwa ya uongo. Abela. Agripina. Alinanuswe, jirani yake.

 Akamwuliza mkuu wake kwa nini mashine inaendelea. Mzee Nsajigwa alieleza, sauti ikimfifia, kwamba maandalizi ya ghala bandia yalikuwa yakikwama mara kwa mara na kuchelewesha kazi, hivyo aliiamuru yakikwama iyapuuze na kusonga mbele.

"Nilidhani jaribio lisiloanza haliwezi kumdhuru mtu," alisema.

"Limeanza, mzee. Limekosa ghala bandia, limeingia la kweli. Sasa linafuta."

Sekela alituma amri ya kusimamisha, ikakataliwa. Akakimbilia chumba cha mitambo na kuung'oa waya wa Mjaribu. Aliporudi, majina yalikuwa yamekoma. La mwisho kufutwa lilikuwa Ambakisye, mumewe.

Nakala za akiba zilikuwa Iringa, na kuzirudisha kungechukua saa kadhaa. Mzee Nsajigwa alikwisha kuanza kuwapigia simu waliofutwa. Ya Abela iliita tu, haikupokewa.

Sekela akampigia mumewe. Alisikia upepo, na kokoto zikisagika chini ya viatu.

"Baba Tusa, uko wapi?"

"Napanda mlima kwenda kwa dada."

"Kaa chini hapo hapo ulipo. Polepole. Usiinuke mpaka nikuambie."

Alimsikia akikaa, akihema. 

"Mama Tusa, mbona sauti yako inatetemeka?"

Sekela aliusogeza mdomo mbali na simu, akavuta pumzi mpaka sauti ilipotulia. Kisha akaanza kumsimulia, taratibu, kile atakachompikia jioni.