Omba kwa Kutaja

"Mgonjwa apewe dozi sasa."

Sauti ya Mkuu kwenye simu. Maneno manne, kisha ikakatika.

Sindano alikuwa akimpima presha Mama Kwaya. Akamvua kile kitambaa mkononi.

"Iko juu, mama. Kanunue vidonge vyako kabla ya safari."

"Na wewe unakwenda wapi, nesi? Hutatuaga? Basi linaondoka saa kumi."

"Nitawahi."

Unesi wa zahanati ya mji ulikuwa koti tu la kuvaa. Kwa lugha ya kazi yake halisi, ya ujasusi, dozi ilikuwa na maana moja: mkamate Mratibu wa ziara kabla hajatuma majina.

Siku tatu zilizopita basi la waumini arobaini lilikuwa limeingia mji huu wa mpakani. Ziara ya kujifunza hali ya usalama, ndivyo bango la ubavuni lilivyosema. Walikaa ukumbini kwenye viti vya plastiki, wakawasikiliza wenyeji wakisimulia mashamba yaliyochomwa na waume wasiorudi. Walilia machozi ya kweli. Hapakuwa na mnafiki, isipokuwa aliyewaleta.

Watu hawa huona maombi ya jumla ni uvivu. Mchungaji wao aliwafundisha: omba kwa kutaja. Taja mtu, taja shida, taja mahali. Kwa hiyo kila kikao kilipoisha, kila mmoja aliandika kadi ya kupeleka nyumbani, kanisa zima lipate kuombea. Mama Kwaya, mwalimu mstaafu, aliandika kwa mwandiko usiohitaji miwani:

*Dada mwenye duka la dawa, mkabala na stendi. Ameona masanduku ya bunduki yakishushwa kwa jina la cherehani. Ametoa taarifa jeshini. Bwana umfunike.*

Kadi ziliingia kwenye kikapu. Kikapu alikishika Mratibu wa ziara. Na Mratibu alikuwa mtu wa wenye bunduki.

Hili halikuanza leo. Miaka ishirini na sita iliyopita walikuja watu wa utafiti, wapole, wana madaftari. Wakaandika nani kasema nini. Wiki mbili baadaye wakaja wengine, hawa hawakuuliza kitu, majina walikuwa nayo. Baba yake Sindano alikuwa wa tatu kwenye ukurasa; mama yake alipokimbilia kituoni, akaambiwa kumlinda si kazi yao. Serikali ikaunda tume. Tume ikanywa chai. Ripoti haijatoka mpaka leo, na wajumbe wamestaafu kwa heshima zote.

Sindano aliwasha Honda ya zahanati.

Intaneti mjini ilikuwa imekufa tangu asubuhi, simu za kuongea tu ndizo zilizopita. Aliyetaka kutuma picha ilimbidi apande kilima cha mnara, na huko juu Land Cruiser nyeupe ilikuwa inatimua vumbi.

Aliiacha pikipiki kwenye kona ya mwisho. Akapanda kwa miguu, bastola yake ya Glock mkononi.

Mratibu alikuwa amezipanga kadi juu ya boneti kama mtu anayecheza karata. Anapiga picha moja, anaigandamiza kwa kokoto, anapiga nyingine.

"Nesi. Umepotea njia?"

"Weka simu chini."

"Hizi ni sala za watu, dada yangu. Mbona una roho ngumu hivyo?"

Mkono wake wa kushoto ukashuka kiunoni.

Glock ikawahi.

Alianguka ameshika goti. Simu ikateleza mpaka miguuni kwa Sindano. Mratibu alikuwa anauma meno, na bado anacheka.

"Umechelewa. Moja imeshafika. Nilianza na ile yenyewe." Akavuta pumzi. "Na sikuiba. Waliniletea mmoja mmoja, wakaniambia Mungu akubariki."

Sindano aliokota simu, akaisoma kadi iliyotumwa, kisha akamfunga jeraha na kumtia pingu kwenye bampa. Akabonyeza redio.

"Mgonjwa kalala. Kadi thelathini na tisa ni salama. Moja imetoka."

"Ya nani?"

"Mwenye duka la dawa."



"Mlete huyo Mratibu. Duka si kazi yetu."

"Ndivyo mama yangu alivyojibiwa, Mkuu."

"Hiyo ni amri."

"Basi tuma gari lije limbebe. Hatakimbia."

Akazichoma kadi palepale, akazikanyaga mpaka moshi ukaisha.

Dukani, mwenye duka alikuwa anamwelekeza Mama Kwaya namna ya kumeza vidonge.

"Funga duka, dada," Sindano alisema. "Wenye cherehani wanakuja. Wanakujua."

Mwenye duka aliweka pakiti chini taratibu. "Wamenijuaje? Nilisema ukumbini tu. Mbele ya watu wa Mungu."

Mama Kwaya alikaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Ni mimi. Nilikuandika uombewe."

"Ukaandika na duka?"

"Na duka."

"Na stendi?"

"Na stendi."

"Ulidhani Mungu angepotea njia, mama?"

Mama Kwaya alifungua mtandio wake wa sare ya kwaya, akamfunga yule dada kichwani.

"Utakaa kwangu," alisema. "Mpaka lini sijui. Lakini kwangu."

Miaka kumi na tisa ya duka, na mwenye duka alichukua picha ya marehemu mumewe tu. Akavua koti jeupe. Kwenye basi kulikuwa na kiti kitupu, kile cha Mratibu.

Sindano alilivaa lile koti.

Saa kumi basi liliondoka likiimba. Robo saa baadaye wanaume wawili waliingia. Mmoja alikuwa anasoma kwenye simu, polepole.

"Mwenye duka la dawa, mkabala na stendi. Ndiye wewe?"

"Ndiye. Nani anaumwa?"

Wa kwanza akatia mkono ndani ya jaketi. Risasi ya Sindano ilipita chini ya kaunta, ikamkuta pajani. Wa pili akalala kifudifudi bila kuombwa, akaanza kuongea hata kabla ya pingu: ghala nyuma ya kinu cha mahindi, masanduku sitini, na afisa wa forodha aliyeyapitisha huku akipiga saluti.

Saa kumi na mbili kasoro askari walikuwa wamewachukua wale wawili na kulizingira ghala. Mkuu akapiga simu. Sauti yake sasa ilikuwa tamu.

"Kazi nzuri, Sindano. Naandika ripoti, wakubwa wanaisubiri. Huyo shahidi anaitwa nani, na yuko wapi?"

Sindano alitazama chupa za dawa zilizopangwa kwenye rafu, kila moja na kibandiko chake kilichoandikwa kwa mkono.

"Sikumbuki."

"Sindano. Jina."

Alikata simu, akatoa betri. Akalitundika lile koti kwenye msumari wake, akafunga mlango wa duka, akashika njia ya stendi. Hakugeuka nyuma.