Sura ya Nyakerario

Mong'ina hufungua studio yake ya picha pale Mosocho saa mbili asubuhi, siku zote isipokuwa Jumamosi, kwa kuwa hiyo ni Sabato. Hupiga picha za pasipoti, za harusi, na za wanafunzi waliomaliza shule. Lakini kazi iliyompa jina ni picha za marehemu.

Katika vilima vya Kisii maiti haitoki mochari bila picha yake. Picha kubwa, iliyotiwa fremu, hutangulia mbele ya jeneza. Baada ya maziko hutundikwa sebuleni, na wajukuu ambao hawajazaliwa watamjua bibi yao kwa picha hiyo.

Wiki mbili kabla ya kisa hiki, kazi hiyo ilimgeuka Mong'ina.

Alikuwa ameitengeneza picha ya mzee Ogoti. Katika skrini yake mzee alikuwa mwekundu mno, naye akampunguza wekundu. Uso uling'aa mno, akaupunguza nuru. Alipopendezwa, aliituma ikachapwe mjini Kisii, ikapelekwa moja kwa moja mochari. Pale ilipofunuliwa, uso ulikuwa wa rangi ya majivu, na midomo ilikuwa ya buluu. Mjane wake, Mama Joash, aliitazama kitambo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huyu si wangu."

Hakuna aliyegombana. Hakuna aliyemlaumu Mong'ina. Waliifunika picha kwa leso ya kujifunga, wakaibeba imefunikwa mpaka kaburini. Kimya kile ndicho kilichomtia hofu. Tangu siku hiyo, kila simu ilipolia, alisita kuipokea.

Jumatatu asubuhi mlango wa studio ulitiwa kivuli. Alikuwa mzee Anyona, mkulima wa chai, ameshika kofia mkononi.

"Bwakire buya, mwanangu."

"Bwakire buya, tata. Karibu uketi." Alimwita tata kama mtu amwitavyo baba yake mzazi.

Mzee hakuketi. Alitoa simu akaiweka mezani polepole, kama mtu awekaye yai. "Mke wangu, Nyakerario, ametutoka. Tunamzika Alhamisi. Picha yake nzuri ni hii moja tu. Nyingine zote alikuwa akikimbia kamera."

Katika picha ile mwanamke mnene alikuwa akicheka, amevaa gauni la kwaya la rangi ya zambarau.

"Nimesikia habari za Ogoti," mzee aliendelea. "Shemeji zangu wananiambia nitafute mtu mwingine. Lakini wewe ulitupiga picha ya harusi ya binti yetu, na Nyakerario akakupenda. Nimewaambia nitakuja kwako." Akaisogeza simu karibu naye. "Wanakwaya wenzake thelathini watakuja wote na magauni yao, mwanangu. Watasimama pande zote mbili za picha."

Mzee alipomtumia picha ile na kuondoka, Mong'ina alipiga hesabu. Magauni thelathini ya zambarau yangesimama kando ya gauni moja la picha. Rangi ikikosea, kila jicho lingeona. Na Nyakerario angebebwa amefunikwa leso, kama Ogoti.

Aliifungua picha katika skrini yake. Ilikuwa televisheni ya nyumbani. Monita yake ya zamani ilipokufa, aliileta televisheni hiyo kwa kuwa ilikuwa kubwa, na rangi zake zilikuwa kali na za kupendeza. Alifanya kazi kwa saa mbili. Kisha akainuka kuchukua maji, na aliposimama uso wa Nyakerario ukabadilika. Akaketi, ukabadilika tena. Akahama kushoto, gauni likawa buluu. Alijaribu kulia, likawa kama divai.

"Mola wangu," alinong'ona, "ipi ndiyo kweli?"

Akaamua kwamba kosa ni la mashine ya kuchapia. Alinakili picha katika flashi, akaenda Kisii kugombana.

Benta, mwenyeji wa upande wa ziwani, alikuwa ameendesha mashine za kuchapia picha mjini Kisii kwa miaka kumi na mmoja. Alimsikiliza Mong'ina mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Umemaliza, dada? Haya, lete hiyo flashi nikuonyeshe."

Aliifungua picha katika skrini yake mwenyewe. Mong'ina akasogea. Uso wa Nyakerario ulikuwa majivu. Gauni lilikuwa buluu kabisa.

"Mashine yangu inachapa ulicholeta," Benta alisema kwa upole. "Unafanyia kazi kwenye skrini gani?"

"Televisheni."

"Aa, ndiyo maana! Televisheni imetengenezwa impendeze mtu aliyekaa kwenye kochi. Inaongeza nuru, inaongeza wekundu. Wewe unaona wekundu umezidi, unaupunguza. Kumbe picha haikuwa na ziada yoyote. Unamwosha mtu asiye na tope mpaka unamchubua."

Mong'ina alimwona tena akilini Mama Joash, na ile leso. "Basi mimi ndiye niliyemharibu Ogoti."

"Skrini yako ilikudanganya. Usilie hapa, dada, wateja watadhani bei zangu zimepanda. Twende dukani kabla hawajafunga."

Muuzaji wa kompyuta, Ishmael, aliwaelekeza kwenye skrini pana iliyopinda, yenye taa za rangi nyuma yake. "Mama, hii ni ya gemu. Picha zinabadilika mara mia na sitini kwa sekunde. Ukiiwasha, majirani watahamia kwako!"

"Nyakerario hakimbii, Ishmael," Benta alisema. "Picha yake imetulia. Mbio hizo za nini? Tunatafuta skrini inayosema kweli."

Kisha akamfundisha Mong'ina palepale, jambo kwa jambo. Kwanza, aina ya kioo. "Uliza kama ni IPS. Kioo hicho hakibadilishi rangi ukihama. Usiamini maneno, jaribu." Mong'ina aliomba picha ya Nyakerario iwekwe katika skrini ya inchi ishirini na nne. Akasimama, akaketi, akaenda kushoto na kulia. Uso ulibaki uleule.

"Sasa soma kwenye boksi. Kuna kipimo cha rangi kiitwacho sRGB. Hizo ndizo rangi ambazo mashine yangu inazipokea. Iwe asilimia tisini na tisa au mia. Ikiwa sabini, rangi nyingine skrini haiwezi kuzionyesha, nawe utakuwa unakisia."

"Na kioo kinachong'aa kama hiki?" Mong'ina aliuliza, akionyesha nyingine.

"Unajiona ndani yake?"

"Najiona."

"Basi utakuwa unajihariri wewe. Chukua isiyoakisi."

Ishmael alicheka, akashindwa kujizuia. Alipowaletea ile ya inchi ishirini na nne, Benta alimwambia aiwashe kwanza. Wakaijaza rangi ya kijivu tupu, wakatafuta doa au nukta iliyokufa, isiyotoa rangi. Hawakuona. Wakadai hati ya dhamana. Bei yake ilikuwa chini ya ile iliyopinda, na akiba aliyoiweka Mong'ina kwa ajili ya kamera ilitosha.

Walipoagana, Benta alimpa kifaa kidogo chenye umbo la kipanya cha kompyuta. "Nakuazima. Washa skrini, ngoja nusu saa ipate joto, kisha ning'iniza hiki juu ya kioo. Kitapima rangi na kuisawazisha. Hata skrini nzuri hupotoka, kwa hiyo upime kila mwezi. Na upunguze nuru. Karatasi haina taa ndani yake."

Jumanne Mong'ina alifanya kama alivyoagizwa, akaanza upya na picha ya awali ya Nyakerario. Skrini mpya ilionyesha mambo ambayo televisheni ilikuwa imeyameza. Katika kivuli cha shingo aliona kifungo cha juu cha gauni kimeachwa wazi. Angeweza kukifunga kwa kompyuta. Akakiacha, kwa kuwa hakutaka tena kubadilisha kitu asichokijua.

Kisha akakumbuka neno jingine la Benta: usichape kubwa kabla ya kuchapa ndogo. Alituma picha, na Jumatano asubuhi nakala ndogo ikafika Mosocho katika bahasha. Aliifungua juu ya meza.

Uso wa Nyakerario ulikuwa wa kijani.

Maziko yalikuwa kesho. Alitazama skrini, akatazama karatasi. Mmoja alikuwa hai, mwingine kama mgonjwa wa siku nyingi. Mkono wake ulikwisha kushika kipanya ili aongeze wekundu, ndipo akajizuia na kumpigia Benta.

"Ni ya kijani!" alisema, akihema. "Mashine yako..."

"Dada, pumua. Upo wapi?"

"Studio."

"Toka nayo nje."

Mong'ina alitoka. Katika mwanga wa asubuhi aliitazama tena karatasi ileile. Uso ulikuwa wa kahawia, wenye joto. Gauni lilikuwa zambarau. Alirudi ndani, kijani. Akatoka, kahawia. Polepole akainua macho. Juu ya meza yake, katikati ya mabati, fundi alikuwa ameweka karatasi moja ya plastiki ya kijani ili kuingiza mwanga bila gharama ya umeme. Miaka sita alikuwa ameketi chini yake, na macho yake yalikuwa yameizoea.

"Kuna plastiki ya kijani kwenye paa," alisema kwenye simu.

Benta alicheka hadi akakohoa. "Kumbe unafanya kazi ndani ya chupa ya soda!"

Mong'ina naye akacheka, mara ya kwanza tangu Ogoti azikwe. Alihamisha meza mpaka pembeni, akaigeuza ubavu uelekee mlangoni ili jua lisipige kioo cha skrini. Akaifunika plastiki ile kwa gunia, akaweka balbu nyeupe. Kisha akamwambia Benta achape kubwa.

Alhamisi, mbele ya mochari, wanakwaya walijipanga kwa magauni yao. Miongoni mwao, naye mwanakwaya, alisimama Mama Joash, mjane wa Ogoti. Mong'ina alikuwa nyuma ya watu. Shemeji mmoja wa mzee Anyona aliishika fremu iliyofungwa kwa karatasi, akaichana karatasi hiyo.

Watu walinyamaza. Kilikuwa kimya kilekile cha siku ya Ogoti. Mong'ina alifumba macho.

Alisikia nyayo za mzee zikisogea, kisha zikasimama. Ndipo mzee Anyona aliponena, si na watu, bali na mkewe.

"Nyakerario. Hata leo hujafunga kifungo."

Kicheko kilichochanganyika na kilio kiliwapitia wanakwaya. Mong'ina alifumbua macho. Gauni la picha na magauni thelathini yalikuwa ya rangi moja, na hungeweza kusema mstari wao uliishia wapi. Fremu iliinuliwa juu, wazi, bila leso, ikatangulia.

Watu walipoanza kutembea, mkono ulimgusa begani. Alikuwa Mama Joash. Hofu ilimrudia Mong'ina yote kwa mara moja, lakini hakukimbia.

"Wangu bado unaye?" mjane aliuliza. "Kwenye ile kompyuta?"

"Ninaye, mama. Picha yake ya kwanza sijaigusa. Nitaitengeneza upya, wala hutatoa chochote."

Mama Joash alitazama fremu ikienda mbele yao, akaifuata kwa macho mpaka kwenye lango.

"Basi," alisema, "mlete nyumbani."