Mtu wa Tatu Katika Simu ya Mzee Heldur

Maoni ya arobaini na moja ndiyo yaliyokuwa na kasoro, na Kaidi alipoyasoma mara ya kwanza alicheka.

"Sikia hii, Rasmus. 'Picha safi, sauti haikatiki. Ila naomba mniondolee yule mtu wa tatu.'"

Rasmus alikuwa akipaka siagi kwenye mkate mweusi. "Mtu wa tatu gani? Si mama mkwe kapita nyuma yake."

"Anasema anaishi peke yake."

"Basi ana bahati. Mwambie azime kompyuta, aiwashe tena."

Walikuwa wawili tu katika chumba cha juu cha nyumba ya mbao mjini Tartu. Rasmus ndiye aliyeitengeneza programu yao ya kupigiana simu za video kwenye kompyuta, wakaiita Aken, yaani dirisha kwa lugha yao. Watu mia mbili walikuwa wamekubali kuijaribu kabla haijatolewa rasmi. Kazi ya Kaidi ilikuwa kusoma walichoandika na kuwajibu.

Kufikia Alhamisi, maoni ya aina ile yalikuwa kumi na mawili. Mama mmoja wa Pärnu aliona nyuma ya bega lake mtu aliyempa mgongo. Bwana mmoja wa Narva alikata simu, lakini kwenye spika mtu akaendelea kupumua. Mwalimu wa Viljandi alitoa nyota tano, akasifu kila kitu, kisha akauliza chini kabisa: "Je, ni kawaida kompyuta kunuka maji ya kinamasi?"

Kaidi alisoma mstari huo mara mbili. Kisha, akijiona mjinga, akasogeza pua kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Ilinuka. Harufu ya majani yaliyooza, baridi na nzito, kama buti lililosahaulika majini tangu vuli.

"Rasmus," alinong'ona. "Njoo unuse."

Rasmus hakuja. Alikuwa ameinamia skrini yake, uso umempauka. "Mfumo unahesabu watu watatu," alisema polepole. "Kila simu, Kaidi. Hata simu ambayo mtu amepiga na upande wa pili haujapokea."

Siku hiyo hiyo Rasmus alifanya jambo ambalo asingelifanya kama si hofu: alimpigia shangazi wa mama yake, Bibi Leida wa kule Võru, mganga ambaye watu walimwendea kwa majeraha ya moto na kwa kushtuliwa na vitu visivyoonekana. Miaka yote alikuwa akiwaficha marafiki zake kwamba ana ndugu wa namna hiyo.

Bibi Leida alisikiliza bila kumkatiza. "Kuna kitu kilikuwa kikizurura nje," alisema mwishowe. "Ninyi mmekitobolea dirisha katika nyumba mia mbili, na hakuna hata moja mliloliwekea ulinzi. Kijana wangu, ulitegemea nini?"

"Bibi, nitazima mitambo sasa hivi."

"Zima."

Rasmus alikuwa ameshanyoosha mkono Kaidi alipopiga ukelele. Maoni mapya yalikuwa yameingia, yenye nyota tano, kutoka kwa Heldur Tamsalu, mzee wa miaka sabini na tisa kisiwani Saaremaa, aliyekuwa akiitumia Aken kuongea na binti yake aliyehamia Göteborg.

"Wapendwa wangu, Mungu awabariki," aliandika. "Salme wangu alifariki miaka sita iliyopita, na tangu Jumapili, kila ninapofungua programu yenu, namwona kwenye skrini amekaa nami jikoni. Ananiambia yuko nje na ana baridi. Leo kiza kikiingia nitamfungulia mlango, kisha tutaondoka pamoja."

Kaidi alitazama dirishani. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri tu, lakini majira ya baridi kiza huingia mapema huko, na taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka.

"Usizime!" Sauti ya Bibi Leida ilipanda kwenye simu. "Ukizima sasa utamwacha mzee peke yake nacho. Mpigieni. Hicho si mke wake. Kinajua yale tu kiliyoyasikia kupitia madirisha yenu. Amwulize jambo ambalo hajawahi kulisema humo, litamshinda."

Simu ya kawaida ya mzee haikupokelewa. Kaidi akapiga kwa Aken, na papo hapo picha ikafunguka: jiko dogo, mzee amevaa koti na kofia ya sufu, na kando yake, kwenye kiti ambacho hapana shaka kilikuwa kitupu kwa kila jicho isipokuwa jicho la kompyuta, mwanamke wa makamo mwenye nywele zinazodondosha maji, akitabasamu kama mtu wa kwenye picha ya zamani, mdomo wake ukisogea kabla ya sauti kufika.

"Mzee Heldur, usifungue! Ni Kaidi, wa Aken. Mwulize kwanza. Mwulize kitu ambacho hujakitamka mbele ya kompyuta hii."

"Mwanangu, huyu ni mke wangu."

"Basi atajibu, Mzee wangu. Mwulize tu."

Mzee aligeuka, macho yamelowa. "Salme... yule mtoto wetu wa kwanza, ambaye hakulia. Tulimpa jina gani?"

Mwanamke aliendelea kutabasamu. Tabasamu likapanuka, likapita pale mashavu yanapopaswa kuishia, na mdomoni mwake zikatoka sauti zote kwa pamoja, ya mama wa Pärnu na ya bwana wa Narva na ya mwalimu wa Viljandi na ya Kaidi mwenyewe, zikisema salamu, unanisikia, unaniona, unanisikia, unaniona, mpaka kiti kikabaki kitupu na jiko likawa kimya.

Mzee aliushika mlango kwa mikono miwili kuhakikisha umefungwa. Kisha akaketi, akalia.

"Umeshinda," Kaidi alisema, naye analia. "Umeshinda, Mzee wangu."

"Salme asingesahau," mzee alisema kwa kwikwi. "Asingesahau kamwe. Tulimwita Liisu."

"Asitaje!" Bibi Leida alipaza sauti, lakini jina lilikuwa limeshatoka.

Mlango wa mzee ukagongwa. Ukagongwa chini, usawa wa goti.

"Baba," sauti nyembamba iliita kutoka nje. "Ni Liisu. Nina baridi."

Kaidi alipiga kelele mpaka koo likauma. Mzee hakugeuka. Kitu cha mwisho walichokiona kabla picha haijazimika yenyewe ni mkono wake kwenye komeo.

Rasmus aliwapigia polisi wa Kuressaare, mji wa kisiwa kile; walifika baada ya saa nzima, na askari mmoja mwanamke akawapigia.

"Yuko hai," alisema. "Mzima kabisa, anacheka, amepika viazi, ametukaribisha. Ila naomba niwaulize. Anaishi na nani? Amepanga sahani tatu."

"Anaishi peke yake," Kaidi alisema.

Askari alishusha sauti, kama mtu asiyetaka kusikika ndani.

"Nimesimama mlangoni kwake. Kuna theluji mpya hapa. Kuna nyayo za mtu mzima na za mtoto, wote pekupeku, zinaingia ndani. Nimeizunguka nyumba yote. Hakuna zinazotoka."