Aliyeng'oa Benchi la Bustani

Benchi la bustani kuu ya mji lilikuwa halipo. Lile la chuma na mbao, lililokaa chini ya mkuyu tangu babu zetu wakiwa vijana, lilikuwa limeng'olewa pamoja na miguu yake. Hapakuwa na damu wala kioo kilichovunjwa, lakini mkuu wa bustani za mji alipiga simu kituoni kwa makelele hata akatumwa inspekta mzima.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye magoti yanayolalamika na ulimi usiolalamika. Kwake bustani ilikuwa njia ya mkato ya kwenda kwingine. Alisimama pale penye pengo, akamtazama mlinzi wa zamu.

"Ulikuwa wapi jana benchi likiondoka?"

"Hapa hapa, afande."

"Ukaona?"

"Niliona. Tena nililinyanyua na mimi."

Koplo, msaidizi wa inspekta, akageuka pembeni kuficha kicheko.

"Hebu anza mwanzo," akasema inspekta.

"Alikuja mzee na mkokoteni. Kavaa ovaroli, kofia mpaka masikioni, na barakoa ya vumbi. Akaanza kuchimbua miguu. Nikamwuliza, 'Mzee, matengenezo?' Akasema, 'Matengenezo, mwanangu.' Mgongo ulikuwa unamsumbua. Sasa afande, mimi nina wiki moja tu kazini hapa, lakini nimelelewa. Nitamtazamaje mzee wa watu anabeba chuma peke yake?"

"Ukamwomba kibali?"

"Mzee? Kibali?" Mlinzi alishangaa kweli kweli, kama aliyeambiwa ampekue babu yake.

Mkuu wa bustani akaruka. "Hakuna matengenezo! Hakuna mzee! Tumemkabidhi fisi bucha! Benchi liko kwa wauza vyuma chakavu sasa hivi, na Jumatatu huyu hana kazi."

Inspekta alikuwa ameinama, magoti yakimlaani, akitazama udongo. Mashimo ya miguu ya benchi yalikuwa yamefukiwa, yakashindiliwa, yakapandwa vipande vya nyasi, na kumwagiwa maji. Katikati yake palikuwa pamechomekwa kijiti kilichofungwa utepe wa kitambaa cha bluu.

"Mwizi gani huyu anafukia mashimo?" aliuliza.

"Na hicho kijiti ni michezo ya watoto, afande," akasema koplo.

"Labda. Tia kwenye mfuko wa vielelezo."

Mtaalamu wa eneo la tukio alipiga picha alama za viatu. Zilizoonekana vizuri zilikuwa za mlinzi, jambo lililompendeza sana mkuu wa bustani. Mlinzi akapelekwa mahabusu. Sheria ndivyo ilivyo: aliyekiri kunyanyua mali iliyopotea hawezi kwenda nyumbani kulala.

Jioni mkewe alikuja kituoni na tumbo la ujauzito lililomtangulia mlangoni.

"Dada," alimwambia inspekta, "mume wangu hajui hata kudanganya umri wake. Hii kazi aliitafuta mpaka viatu vikaisha. Akiipoteza, huyu ninayemzaa nitamlaza wapi?"

"Nenda kapumzike, mdogo wangu. Bado natafuta."

"Utafute haraka basi," akasema yule mwanamke, na hakuomba radhi kwa kusema hivyo.

Wauza vyuma chakavu walipekuliwa wote. Lo, vilipatikana vifuniko vya mitaro na hata lango la makaburi, lakini benchi hapana. Inspekta akawaza kwamba huenda kuna genge linalong'oa mabenchi mji mzima. Akamchukua koplo, wakazunguka bustani moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo alipoushangaa mji wake mwenyewe. Nyuma ya kituo cha zimamoto palikuwa na kiwanja cha nyasi chenye mti mmoja mkubwa, na wazima moto walikuwa wamelala chini yake buti zikiwa pembeni. Kando ya mto uliozoeleka kwa taka palikuwa na kijia chenye maua ya zambarau. Pembeni ya hospitali palikuwa na bustani ndogo ambako watu walikaa kimya wakisubiri habari za wagonjwa wao. Miaka yote amekuwa akipita hapo na king'ora. Alijisikia vibaya kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake ana jina.

Mabenchi yote yalikuwepo. Lakini kwenye ngazi iliyobomoka kando ya mto aliona kijiti chenye utepe wa bluu. Kwenye bustani ya hospitali, kando ya mzizi uliotokeza njiani, akaona kingine.

"Hivi ni vya nani?" alimwuliza mfagiaji.

"Vya wale wazee wa Jumamosi. Wanatembea bustani zote za mji, kila wiki bustani moja. Wakiona mahali pa kujikwaa wanatia bendera. Mifupa yao, mama, ikivunjika haiungi tena."

Inspekta akamtazama koplo. Koplo akatazama viatu vyake.

Jumamosi mchana inspekta alijiunga na wazee, amevaa nguo za kiraia na raba za kuazima. Kiongozi wao alikuwa nesi mstaafu, waliyemwita Mama Njia, mwanamke mwembamba mwenye kofia pana.

"Karibu mwanangu. Unapumua hivyo na hatujaanza?"

"Ni hizi raba, mama."

"Raba ndizo zina tumbo?"

Wazee wakacheka, na inspekta akacheka pia, maana hakuwa na la kufanya. Njiani aliuliza kuhusu bendera za bluu.

"Kitambaa ni sare zangu za zamani za wodini," akasema Mama Njia. "Nilizichana mwenyewe. Kutia bendera ni kazi ya Mkia."

"Mkia ndiye nani?"

"Kila msafara una mkia. Mimi natangulia, yeye anakuja nyuma ya wote, asije akaachwa mtu. Akiona shimo analifukia, anatia bendera, maana udongo mpya unatitia. Ndiyo desturi yetu. Yule kule." Akashusha sauti. "Usimtanie sana. Alikuwa anatembea na mkewe, mkono kwa mkono, tukiwacheka. Siku hizi mkewe hawezi kuja."

Inspekta akapunguza mwendo mpaka akabaki nyuma na Mkia. Alikuwa mzee mrefu aliyeinama kidogo, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi. Mahali fulani panya alikuwa amechimba tundu pembeni ya njia. Mzee akapiga goti, akalifukia, akalishindilia kwa kisigino, akang'oa kipande cha nyasi na kukipandikiza juu. Kisha akatoa kijiti mfukoni, akafunga utepe.

"Unafanya vizuri, baba," akasema inspekta. "Hata mashimo ya benchi uliyafukia vizuri hivyo hivyo."

"Mtu angevunjika mguu pale," mzee akajibu.

Mikono yake ikasimama. Mbele yao msafara uliendelea, Mama Njia akisimulia jambo kwa sauti kubwa.

"Wewe ni askari," akasema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Nilijua mtakuja. Sikujua lini."

"Kuna mlinzi yuko ndani kwa ajili ya benchi hilo. Mkewe mjamzito. Jumatatu anafukuzwa kazi."

Mzee alishtuka hata akashika mti. "Yule aliyenisaidia? Mungu wangu! Yule mtoto wa watu kafanya nini? Twende. Twende sasa hivi, usinipe hata maji."

"Benchi liko wapi kwanza?"

"Nyumbani kwangu. Kalione, kisha unifunge."

Koplo aliwafuata na gari. Nyumba ilikuwa ndogo, ya lango la bati, ng'ambo ya barabara kuu inayopitisha malori. Uani jirani mmoja alikuwa akichambua maharage. Katikati ya ua, chini ya kamba ya nguo, lilikuwepo benchi. Juu yake alikaa bibi aliyevaa vizuri, poda usoni, mkoba mapajani.

"Karibuni," akawaambia wote, na mumewe kati yao. "Ila msikae hapa tafadhali, hapa pana mtu. Namsubiri."

"Unamsubiri nani, mama?" aliuliza inspekta.

Bibi akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka. "Kuna kijana mmoja. Fundi. Ananuka moshi, lakini ana maneno huyo!"

Mzee akamvuta inspekta mpaka kwenye pipa la maji.

"Tulikutana kwenye benchi hilo," akasema. "Nilikuwa nikitoka karakana namkuta hapo. Sasa akili imemrudisha kule, na mimi imeniacha huku. Ndani ya nyumba ananiita mzee, ananiuliza nitaondoka lini. Kila alasiri alikuwa anatoroka kwenda bustanini kunisubiri. Ile barabara! Mwezi uliopita lori lilifunga breki mpaka likalala pembeni. Dereva alitoka analia. Yeye alikuwa anatengeneza nywele."

"Ungefunga lango."

"Nililifunga. Akalipiga mpaka mikono ikatoka damu, anapiga kelele kwamba ametekwa nyara. Mimi ndiye mtekaji." Mzee alifuta macho bila kuona haya. "Nilikwenda ofisi ya bustani kuliomba. Nikaambiwa mali ya umma, njoo wiki ijayo. Nimekwenda wiki ijayo mpaka nikachoka."

"Wewe ni fundi. Si ungetengeneza lingine?"

Mzee akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na benchi jipya, limepakwa rangi ya kijani, sawasawa na lile la zamani kwa kila kona.

"Alikaa hapo, akapapasa chini ya mkono wa benchi, akasimama. Akasema, 'Silo.' Kuna mkwaruzo kwenye lile la zamani, niliuchora kwa msumari siku ile aliponikubali. Nani angejua kwamba vidole vinakumbuka? Hili jipya nilitaka nilipeleke pale penye pengo, lakini kila nikishika mkokoteni naona aibu. Ndiyo hivyo, afande. Nimeiba. Ningeiba na mkuyu kama ungeng'oka."

Inspekta alikuwa amesikia maungamo mengi katika kazi yake, ya wivu, ya tamaa, ya ulevi. Yote alijua ayaweke wapi. Hili hakujua.

"Baba, nitakupeleka kituoni leo," akasema mwishowe. "Sikufichi. Utaandika maelezo, na yaliyobaki ataamua hakimu. Nitamweleza nilichokiona, ila kuamua ni kwake."

"Ni haki. Mtoto wa watu atoke." Mzee akatazama jua. "Nipe dakika chache tu. Wakati wake ndio huu."

Alivua kofia, akanawa uso pipani, akalainisha nywele nyeupe kwa maji. Kisha akaelekea langoni, akatoka, akalifunga nyuma yake. Koplo akapiga hatua ya kumfuata. Inspekta akamshika mkono.

Jirani aliacha maharage.

Lango likafunguliwa. Mzee akaingia, mgongo umenyooka kadiri ulivyoweza kunyooka. Bibi akainua kichwa, na uso wake wote ukabadilika.

"Umechelewa," akasema, akijitia kununa.

"Nisamehe. Barabarani magari mengi."

"Kila siku magari." Akauhamisha mkoba, akampisha nafasi. "Kaa. Uso una majivu tena." Akaupangusa kwa upande wa kanga yake, taratibu, akimtazama machoni kama anayemjua vizuri sana. Mzee alitulia tuli.

Inspekta akageuka, akamwambia koplo, "Piga simu kituoni. Mlinzi atolewe mahabusu sasa hivi. Na mkuu wa bustani aambiwe Jumatatu asimguse."

"Na mshukiwa, afande?"

Kwenye benchi bibi alikuwa akimwuliza mumewe, "Leo utakaa mpaka saa ngapi?"

Mzee aliinua macho, akamtazama inspekta.

"Mpaka giza liingie," akasema inspekta.

Akalivuta lile benchi jipya kutoka ukutani, akaketi, akawangojea.