Aliyelala Ndani ya Kofia

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, mimi nimeshawaambia watatu, wewe wa nne.

Kule Sendai, hospitalini, fundi Chizuru alianza kila asubuhi kwa kupima chumba kitupu. Ndiyo kazi yenyewe: kabla mgonjwa hajaketi, ile kofia kubwa ya mashine isikilize kiti bila mtu. Ndani yake mna vihisi vilivyozamishwa kwenye kimiminika cha baridi isiyosemeka, vinavyonasa hata usumaku mwembamba unaotoka kichwani mtu akiwaza. Kiti kitupu, skrini tulivu. Jumatatu hiyo skrini ikachora mawimbi kumi kwa sekunde, ya mtu aliyefumba macho.

Chizuru akaingia. Hamna mtu. Harufu ya udi tu.

Jumanne tena. Jumatano Profesa Kuramochi, mkuu wa idara, mgane wa miezi sita, akamsema mbele ya wenzake kwamba anaingia na vibanio vya nywele, na chuma chochote huivuruga mashine, na kwamba mwezi Machi mkataba wake hautaongezwa. Na mama yake mgonjwa anamtegemea yeye. Chizuru akavua hata sidiria yenye waya, akalia chooni, na Alhamisi mawimbi yakaja makubwa zaidi, na ule udi ukamfuata mpaka kwenye korido, na nyuma ya mlango mzito akasikia pumzi za mwanamke, taratibu, za mtu aliyelala, wala hakuthubutu kugeuka.

Wenzake wakanong'ona kwamba mle mna jini. Profesa akawacheka, akakataza kuhani asiitwe. Chizuru akamwita kimyakimya, Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, na idara nzima ikaja kuinamisha vichwa. Kuhani akaacha kengele zake nje. Chizuru akawasha skrini: mawimbi. Akavuta mlango.

Ndani, Profesa Kuramochi, pekupeku, suruali kaifunga kwa utepe, ameshika vile vijiti ambavyo kule, maiti akishachomwa, ndugu huokotea mifupa yake. Kwenye ncha, mfupa wa koo wa mkewe, anaupachika juu kabisa ndani ya kofia, pasipoonekana.

"Profesa," Chizuru akasema, "wiki nzima unaniona nahangaika, kumbe ni wewe?"

"Sema polepole, binti. Utamwamsha."

Nyuma yao, kwenye skrini, mawimbi yakakatika ghafla, kama yanavyokatika mtu anapofumbua macho.